Shira ya Harusi ya Mama Mdogo

Utotoni mwangu pale Temeke, wanawake walioandaa harusi waliiogopa shira kuliko moto wenyewe. Waliamini kwamba mwenye kijicho akiitazama shira inayochemka, sukari yake hugoma kuganda, na visheti havishiki weupe. Bibi, mzaa mama, alitufukuza watoto wote uani kila sukari ilipotiwa sufuriani.

Nilikuwa na miaka minane mama mdogo Salma alipoolewa. Vita vya Wazungu vilikuwa havijaisha na sukari ilikuwa ya mgao. Miezi mingi tulikunywa chai bila sukari ili kila mgeni wa upande wa mume aondoke na kifurushi cha visheti.

Jirani yetu Bi Hidaya alikuja kusaidia tangu asubuhi. Hakujaaliwa mtoto, na mie ndiye niliyekuwa nikipewa kipande cha muwa nikipita mlangoni kwake.

Adhuhuri shira iliiva, ikaepuliwa. Bibi akaenda kuswali, mama akaitwa mbele kupokea wageni, naye Bi Hidaya alikuwa jikoni akimalizia kukaanga. Nikaingia uani na kikombe. Nilichota, nikapuliza, nikanywa. Nikachota tena na tena. Nilipoona imepungua nikashikwa na hofu, nikaongeza maji ya mtungini, nikakoroga na kukimbia.

Visheti vilipotiwa kwenye shira vililowa vyote. Bi Hidaya aligeuza na kugeuza, lakini havikukauka wala kuwa vyeupe, na sukari nyingine haikuwepo. Bibi alivitazama kwa muda, kisha akamtazama yeye.

"Hidaya, mwanangu," alisema taratibu, "nenda nyumbani ukapumzike."

Kila mwanamke pale uani alielewa. Bi Hidaya aliweka mwiko chini, akajifunga kanga vizuri.

"Haya, mama," alisema, akaondoka.

Nilikuwa nyuma ya mlango, midomo inanata. Maneno manne tu yangetosha: ni mimi niliyetia maji. Sikuyasema.

Wageni waliondoka mikono mitupu na habari ikazagaa mtaani. Bi Hidaya hakuitwa tena kupika kwenye shughuli yoyote. Akipita, wenye watoto wachanga waliwafunika nyuso. Muwa aliendelea kunipa, na mie niliendelea kupokea na kusema ahsante. Mwishowe alihamia Mbagala kwa kaka yake, na huko akafariki.

Nilikuwa tayari na wajukuu nilipomweleza mama. Nilidhani atashtuka.

"Nilijua," alisema. "Niliionja ile shira. Ilikuwa maji matupu, na wewe kifua chote kimelowa."

Nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Alisema hakutaka nichapwe mbele ya wakwe wa mdogo wake, na kwamba alidhani maneno yale yangepita baada ya siku mbili tatu. Kisha akageuza uso, na hatukulizungumza tena mpaka alipokufa.

Kuinywa shira lilikuwa kosa la mtoto, na hilo nimejisamehe. Lakini mtoto yule alikua, akaolewa, akazaa, na Mbagala haikuwa mbali. Miaka yote hiyo ningeweza kwenda. Nilikwenda mara moja tu, akiwa ameshazikwa, nikasimama kando ya kaburi lake nikashindwa hata kumwambia mie ni nani.