Bwana Shamba wa Sebuleni

Mkaguzi wa shule alipostaafu alikosa walimu wa kuwafokea, akahamia kwenye mimea. Sebule ikajaa vyungu, makopo na ndoo zilizopasuka. Mgeni akibisha hodi, mke wa mkaguzi, fundi cherehani, alimkaribisha kwa kumwambia, "Inama kidogo shemeji, jani lisikuchome jicho." Majirani wakambandika mzee jina la Bwana Shamba, naye akalipokea kama nishani.

Kumwagilia, alimwagilia kwelikweli. Asubuhi maji, jioni maji, na akishikwa na kiu yeye, mimea nayo ilinyweshwa. Madirisha aliyafunga na mapazia akayashusha, eti jua la siku hizi halina adabu. Jani likigeuka manjano, alisema mmea unapumzika. Ukifa kabisa, alisema ulikuwa mvivu tangu mwanzo.

"Baba watoto, huo udongo umekuwa uji," mkewe alimwambia.

"Wewe shona," akajibu. "Kila ndege huruka kwa ubawa wake."

Siku moja akasafiri kwenda kumuuguza kaka yake. Hata kisogo hakijapotea, mkewe alikwishaitoa mimea yote barazani, akafungua madirisha na kuiweka cherehani yake penye mwanga. Mimea aliimwagilia alipokumbuka, na kwa jinsi kazi zilivyombana, alikumbuka mara chache. Ikanenepa bila haya. Mmoja ambao Bwana Shamba alikwishautangazia msiba ukatoa ua.

Aliporudi, aliizunguka mimea barazani, akaligusa lile ua. Mkewe akajiambia leo ndiyo leo, mzee atakiri. Mzee akageuka, akawaita majirani.

"Mnaona matunda ya malezi?" akawauliza. "Niliibana ili ikomae. Ukiidekeza haifiki hapa."

Majirani wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaomba vipandikizi. Akawapa, na mawaidha juu yake. Walipoondoka akaanza kuirudisha mimea ndani, mpaka akaikuta cherehani pale ulipokuwa ukikaa mmea mkubwa kuliko yote.

"Hii itoke," alisema, chungu kikiwa kifuani.

"Haitoki." Mkewe hakuinua kichwa, mguu ukaendelea kukanyaga. "Na hicho chungu kirudi nje pamoja na wenzake. Au niwaite tena majirani, niwaeleze malezi yalikuwa ya nani?"

Bwana Shamba akakohoa. Akasema kwamba hata hivyo alikuwa amepanga kuipa mimea hewa kidogo, akageuka na chungu chake.

Siku hizi hushinda barazani akiwafundisha wapita njia siri za kilimo cha ndani ya nyumba. Kopo la kumwagilia analo mkewe.