Sukari Ikiisha, Nifanyeje?

Enzi zetu za kijiji cha ujamaa kule Handeni, wenzangu, kompyuta ilikuwa mimi. Mama akinituma, nilifanya hicho hicho alichosema, bila kuongeza wala kupunguza. Leo natengeneza programu za kompyuta sebuleni kwangu Korogwe, nimevaa msuli, na elimu yangu ya kidato cha nne tu. Mke wangu anasema siku nikitoka nje kuku wananishangaa.

Ramadhani moja sukari ilikuwa adimu. Bibi alifunga pamoja na uzee wake, na uji usio na sukari ulikuwa haumpiti kooni. Mama akanituma duka la kijiji: "Panga foleni, usitoke mpaka upate."

Nikapanga. Harufu ya mafuta ya taa na magunia, akina mama wanasukumana na kuteta kwa Kizigua. Alasiri sukari ikaisha. Watu wakaguna, wakaondoka. Nikabaki mimi, foleni ya mtu mmoja.

"We mtoto, umeota mizizi?" akauliza muuza duka akifunga mlango.

"Mama kasema nisitoke mpaka nipate."

"Basi mwambie akuletee na godoro!"

Jua linazama, Mama huyo, mbio. "Bibi yako atafuturu nini, wewe?"

"Hukuniambia ikiisha nifanyeje."

Nilishajiandaa kwa kofi. Mama akacheka mpaka akashika kiuno, akanivuta hadi kwa shangazi kuomba asali. Adhana ikatukuta njiani, lakini Bibi aliunywa uji wake, akalamba na kijiko. Tangu hapo Mama alinituma kwa mpango: "Ikiwepo, nunua. Ikiisha, pitia kwa shangazi. Asipokuwepo, rudi." Programu ya kwanza niliyoielewa maishani.

Kazi nilianza na kompyuta yenye kisogo kama mtungi, naandika mstari kwa mstari. Siku hizi binti yangu Mwanaidi anaiambia tu mashine ya akili mnemba anachotaka, nayo inaandika programu kabla chai haijapoa. "Baba, bado unachapa kwa vidole viwili?" Watoto hawa intaneti ikikwama kidogo, wanahema kama wamelima ekari nzima.

Lakini juzi, akitengeneza programu ya dawa za zahanati, nilimsikia akiiagiza mashine: "Dawa ikiisha, usimwambie mgonjwa 'hakuna' ukanyamaza. Mwonyeshe zahanati ya jirani iliyo nayo." Sikumfundisha. Sisi hilo tulilijua kwa kusimama foleni hadi magharibi, na njaa juu. Yeye kalijua amekaa kitako, anatafuna karanga.