Maombi ya Saa Nne

Sitawadanganya kwamba aibu hii imenitoka, kwa sababu hata wiki iliyopita nilizunguka soko la mbuzi lote, kwenye jua la saa saba, ili nisikutane na muuza maziwa mmoja ambaye bado anaamini mimi ni mtu mkubwa. Lakini mmeshaisikia vipande vipande, na kila aliyewasimulia ametia chumvi yake, kwa hivyo afadhali muisikie kutoka kwangu niliyekuwa ndani yake.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kuuliza. Chuoni waliniita Akiru Kwa Nini. Nikiambiwa dawa inywewe baada ya chakula, nauliza chakula kipi. Basi rafiki yangu Hodan aliponiambia nijiunge na mtandao wa wataalamu (ule ambao watu hupiga picha wamevaa koti na kushukuru dunia nzima kwa kupandishwa cheo), nilimuuliza maswali wiki nzima. Wataalamu wa nini? Mtu aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita, anayekaa kwa mama yake hapa Isiolo, mtaa wa Kiwanjani, akiosha sufuria na kutuma barua za kazi ambazo hazijibiwi, atajiitaje mtaalamu, na akijiita, anamdanganya nani?

Hodan kwao wana malori, na yeye ndiye anayeyatafutia mizigo kwa simu. Hana subira ya maswali.

"Akiru, haya maswali yako yamekupa kazi ngapi mpaka leo?"

Nikampa simu.

"Na usiandike huna kazi," akasema. "Kwani hakuna kitu unafanya?"

Kitu ninachofanya ni kusimamia grupu la majirani, lile la kutangaza siku ya maji. Kila maji yakikaribia kufunguliwa upande wetu naandika, "Kesho maji, toeni mitungi," basi. Hodan akafikiri kidogo, akaandika: Mkuu wa Mawasiliano, Mradi wa Maji, Kiwanjani.

"Huo ni uongo," nikamwambia.

"Uko wapi? Nionyeshe."

Nikautafuta. Maji yapo, Kiwanjani ipo, mawasiliano nafanya mimi, na mkuu mwingine hakuna. Uongo sikuuona haraka, nikaacha.

Sasa njooni kwenye uamuzi mdogo ulioniua. Simu iliniuliza nataka lugha gani. Kila mtu huko hutumia Kiingereza, na mimi kwa ubishi wangu nikachagua Kiswahili, maana kwa nini mtu wa Isiolo anayetafuta kazi Isiolo ajieleze kama anaomba kazi Ulaya? Zikaja kurasa, moja baada ya nyingine, kila moja na kitufe chake cha Endelea. Ya kwanza niliisoma. Masharti niliyasoma yote, mpaka Hodan akasinzia. Ukurasa wa tisa nikawa nimechoka, nikabonyeza tu. Nilikuja kujua baadaye kwamba hapo ndipo walipouliza kama waingie katika majina yote yaliyo kwenye simu yangu, wawaalike. Mimi ninayeuliza kila kitu, siku niliyoulizwa mimi, nilijibu bila kusoma swali.

Na majina ya simu yangu si ya wataalamu. Kuna Fundi Choo, Kuku wa Jumamosi, Mama Ekal Jirani, Chifu Mpya, Chifu wa Zamani, Usishike Huyu, na Mzee Jillo Biliqo, ambaye nilimhoji nilipokuwa naandika kazi yangu ya mwisho ya chuo kuhusu visima. Wote, mpaka Usishike Huyu, walipata ujumbe huu: "Akiru, Mkuu wa Mawasiliano, Mradi wa Maji, anataka kukuunganisha. Bonyeza ukubali."

Aliyetafsiri maneno hayo hajawahi kutafuta kazi huku kwetu. Huku mtu akikuunganisha, amekuingiza kazini. Ndilo neno lenyewe. Watu huzunguka miaka na vyeti kwapani wakitafuta mtu mmoja tu wa kuwaunganisha.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na mimi sikujua lolote. Jumanne nikapigiwa simu na shirika moja la maji nililokuwa nimeliandikia zamani hadi nikasahau. Walitaka afisa wa mawasiliano, mtu wa kuandika ujumbe wa Kiswahili ambao watu wa vijijini, mpaka kule Biliqo, wataelewa. Mkataba wa miaka miwili. Usaili Alhamisi saa nne asubuhi, kwa video. Nikamwambia Mama. Aliinuka akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi, akakirudisha, akakitoa akakiosha tena.

Kisha akasema, "Waambie watu wakuombee."

Nilitaka kumuuliza kama sala huongeza nguvu ya mtandao, lakini nikauangalia ule mgongo wake pale kwenye karai, nikachukua simu, nikaandika kwenye grupu: "Majirani wapendwa, Alhamisi saa nne asubuhi ndiyo siku yenyewe. Naomba maombi yenu. Msichelewe."

Sikilizeni tena hapo. Mimi nilimaanisha sala. Lakini barua ya kuomba kazi nayo tunaiitaje?

Majibu yakamiminika. "Amina." "Mungu akuinue zaidi." "Tumepata, dada." Fundi Choo akauliza, "Ya mkono ama ya kuchapa?" nikajua ananitania, nikamjibu, "Yoyote, mradi yatoke moyoni." Mama Ekal akauliza, "Hata mtu wa darasa la nane?" Nikashangaa kwamba jirani yangu wa miaka yote anafikiri Mungu huangalia vyeti, nikaandika kwa ukali kidogo, "Hakuna ubaguzi, kila mtu anakubalika." Kumbe huyo mama alipeleka ujumbe wangu kwenye grupu la kwaya, kwaya ikaupeleka kwa waendesha boda boda, na huko ukapata miguu.

Alhamisi nikakaa mbele ya kompyuta ya Hodan, nyuma yangu leso nzuri ya Mama ikificha magunia ya makaa. Juu blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, chini malapa. Mama nilimwambia watu wa maombi wakifika wabaki uani, waombe polepole. Hodan alinunua bando, akakaa nje karibu na dirisha alinde mtandao, kana kwamba mtandao ni mbuzi.

Saa nne kamili wakatokea watu watatu kwenye kioo: mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa mwenyekiti, na wanaume wawili. Mwenyekiti akaniuliza, kwa Kiswahili kizuri, "Akiru, kwa maoni yako, ujumbe mzuri ni upi?"

Hilo swali nilikuwa nimelala nalo. Nikasema, "Ni ule ambao anayeupokea anaelewa kile kile alichokusudia aliyeutuma. Watu wengi hudhani wakishatuma, wamewasiliana."

Akaandika kitu. Nilimwona kwa macho yangu akiandika, na kichwa akakitikisa kidogo, kwa kuridhika. Hapo geti likagongwa.

"Karibuni, karibuni," nikamsikia Mama. "Lo, mko wengi. Bwana asifiwe."

"Laini inaanza wapi?" sauti ikauliza.

Nikajiuliza, foleni ya kusali? Lakini mwenyekiti alikuwa ameniuliza jambo jingine, nikalijibu, sikumbuki nini, kwa sababu huko nje watu wawili walikuwa wameanza kuvutana.

"Mimi nimefika hapa saa mbili, uliza huyu."

"Ulifika ukaenda chai. Aliyeenda chai anarudi nyuma."

"Wanataka kopi ama orijino?"

Mama, kuona sala haianzi, akaanzisha wimbo, na wao wakauimba kwa nguvu, kwa maana shughuli gani ya maana huku kwetu huanza bila kufunguliwa kwa wimbo? Katikati ya ubeti wa pili akachungulia kwenye pazia, macho yamelowa. "Akiru, hata Waislamu wamekuja kukuombea."

Mwenyekiti akasema, "Tuendelee ama tusubiri?"

"Tuendelee," nikasema, na pazia likafunguka lote.

Alikuwa Mzee Jillo. Amekuja kutoka Biliqo juu ya lori la mifugo tangu jana yake, nyuma yake binti yake Kabale anaangalia chini kwa haya, na kwapani bahasha ya kaki. Akavua viatu mlangoni.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam," mwenyekiti akajibu kabla sijafungua mdomo.

Basi mzee, kuona ndani ya mashine kuna mtu mwenye adabu, akavuta kigoda akakaa kando yangu na kusalimia inavyostahili. Watu wako wako na amani? Watoto wako na amani? Mifugo iko na amani? Mvua imenyesha huko? Na kila swali alisubiri lijibiwe, na yule mama wa watu akawa anajibu.

"Ng'ombe wako salama?"

"Wako salama, mzee," mwenyekiti akasema, akiwa ofisini Nairobi, ghorofa ya sijui ngapi.

"Sasa," akasema Mzee Jillo, "mimi nashukuru nyinyi kwa kupa huyu msichana yetu ukubwa. Watu wakipata ukubwa wanasahau. Yeye hakusahau. Ametuma neno mpaka Biliqo ataunganisha sisi. Huyu ni Kabale yangu, amesomea mashine ya maji. Cheti ni hii." Akakitandaza mbele ya kamera, kioo kizima kikawa mhuri.

Nyuma ya cheti sauti ya mwenyekiti ikauliza, "Mzee, Akiru ana ukubwa gani?"

"Si yeye ndiye Mkuu wa Mawasiliano, Mradi ya Maji?"

Cheti kilipoondolewa, mwenyekiti alikuwa anasoma karatasi. "Hapa barua yake inasema hajawahi kuajiriwa."

Mmoja wa wale wanaume, ambaye tangu tuanze hakuwa amesema neno, akaegemea mbele. "Mradi upi wa maji, Akiru?"

Niliangalia ile leso. Niliangalia malapa yangu. "Ni grupu," nikasema. "La kutangaza mitungi."

"La kutangaza nini?"

"Mitungi, bwana. Itolewe."

"Na anatangaza vizuri sana," akaitikia Mama Ekal kutoka uani, kwa nia njema kabisa.

Mwenyekiti akavua miwani. "Na hawa watu wamekuja na vyeti kwa nini?"

Nikageuka. Pazia lilikuwa bado wazi, na ndipo nikaona bahasha za kaki kuanzia mlangoni mpaka getini, na nje ya geti bado kuna watu wanashuka kwenye boda boda, kila mmoja na yake. Neno nililoandika Jumanne likanirudia lote.

"Niliwaomba maombi," nikasema.

Yule mwanamume wa pili akatoka kwenye picha, nikabaki naona bega lake tu, linatikisika. Mwenyekiti alijitahidi, namshukuru mpaka leo. "Asante, Akiru," akasema. "Tuta..." akameza mate, "tutawasiliana." Kioo kikawa cheusi.

Nilitoka nje na malapa yangu, nikasoma ule ujumbe wa kuunganishwa kwenye simu ya Fundi, nikawaeleza: unganisha ile ilitoka kwenye simu, maombi ni sala, mimi sina ofisi. Hodan pale dirishani alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio wake, macho tu yanatoka.

"Kwa hivyo hakuna kazi," Fundi Choo akasema.

"Hakuna."

"Hata yako?"

"Saa hii, hata yangu."

Fundi akaikunja bahasha yake. "Na mimi nilichapa," akasema, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Wakatazamana. Mtu akasema, "Sasa tumeshafika. Tumuombee ama twende?" Na kweli wakaniombea, bahasha kwapani, Mama machozi yakimtoka, Mzee Jillo amefungua viganja vyake akimtaja Mungu kwa Kiborana. Mimi nimesimama katikati naombewa kazi niliyoipoteza dakika kumi zilizopita, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na swali.

Baada ya siku nane ujumbe ukaja. Walisikitika, nafasi imepewa mwingine. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi: je, ningeweza kumwambia yule mzee binti yake atume cheti chake, kwa kuwa wanatafuta fundi wa pampu upande wa Biliqo?

Kabale alianza kazi mwezi uliofuata. Nilimfurahia, na karibu yote ilikuwa furaha ya kweli. Lakini mnaona ilivyoniharibia. Sasa Isiolo nzima ina ushahidi kwamba naunganisha watu. Nikikana, wanasema ukubwa haujampanda kichwani. Nikikana zaidi, wananiuliza kwa sauti ya chini nataka kitu kidogo cha kiasi gani.

Kwa hivyo nimejitoa kwenye ule mtandao. Sasa nasoma kila mstari wa kila ukurasa, nasoma mpaka pakiti ya chumvi. Na sitamwomba mtu maombi tena maisha yangu yote. Nikiwa na shida na Mungu nitamwendea mwenyewe, tutaongea sisi wawili.

Jana asubuhi nilikuwa naosha sufuria, Mama akaniita kutoka getini.

"Akiru, njoo. Kuna watu wameleta maombi."

"Maombi gani, Mama?" nikauliza.

Kabla hajajibu, huko getini nikasikia karatasi ikitolewa kwenye bahasha.