Barua ya Radhi kwa Komoro

Juzi pale Mombo lori la karoti lilirudi kutoka bandarini. Komoro hawapokei, wakubwa wetu na wa kwao wamenuniana. Mwenye mzigo, mama wa Malindi ya huku milimani, si ile ya Kenya, alibonyeza karoti iliyolainika, akanigeukia.

"Si wewe uliyesomea mambo ya nchi na nchi? Waandikie. Sema naomba radhi."

"Mama, hii ni bilateral issue. Wewe umekosa nini?"

"Sijui, mwanangu. Ila nchi kubwa ikiona aibu kuomba, si aombe mtu yeyote?"

Sina kazi, muda ninao. Nikaandika, akatia dole gumba. Tangu ni-graduate sijasikia foreign policy yenye akili kama ile.

Tukabaki tunatazamana: tumpe nani barua? Nyuma yetu karoti zilikuwa zikimwagiwa ng'ombe.