Kisirani wa Mto Severn

Gari la baba lilinuka mpira mbichi na tope la mtoni kuanzia Machi mpaka Mei, na hapakuwa na sabuni iliyoiweza harufu ile. Mama akirudi sokoni Kings Heath alilalamika kuwa mchicha wake unafika nyumbani Northfield ukinuka samaki ambaye hakuna aliyemvua. Mimi niliipenda. Baba alikuwa dereva wa basi, zamu zilimmeza wiki nzima, na siku za shule nilichokiona kwake ni mgongo uliolala chini ya blanketi. Jumamosi peke yake ndiyo ilikuwa yangu. Tulitoka mapema, mimi na yeye tu, chupa ya chai ya tangawizi katikati ya magoti yangu, tukaenda mto Severn kutafuta samoni wa mwanzo wa majira ya kuchipua. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na raha nyingine duniani.

Samoni wa majira yale ni wachache, wakubwa, na wana maringo. Wanapanda kutoka baharini wakiwa wameshiba, hawataki chakula, wanauma chambo kwa hasira tu, na hata hasira hiyo inategemea maji. Mvua ikinyesha leo Wales, mto unakoanzia, keshokutwa mto unakuja mwekundu umebeba matawi. Theluji ikiyeyuka, maji yanakuwa ya baridi na samaki wanalala chini kama mawe. Inabidi kungoja mto ushuke, usafike, ufike rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hapo ndipo utupe mshipi. Haya nilifundishwa na mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akivua hatua chache kutoka kwetu. Yeye ndiye aliyenionyesha ubao wa vipimo chini ya daraja, na kila Jumamosi nikawa naandika urefu wa maji kwenye daftari langu. Baba hakuyataka mambo ya ubao. Yeye kwao Pemba, na alikokulia, watu wakirudi mikono mitupu huulizana kwanza nani waliyekwenda naye. Kuna mtu ana kisirani: akikanyaga tu, riziki inakimbia.

Jumamosi tatu tukarudi hatuna kitu. Ya tatu mto ulikuwa umepanda mpaka umefunika ngazi za ukingoni. Baba akavuta mshipi, ukaja na nyasi, akanigeukia.

"Unajua, mwanangu," alisema kwa upole kabisa, "wewe una kisirani."

Mzee wa Kiingereza aliona uso wangu, akauliza kulikoni. Nilipomweleza, akaniambia nimwambie baba kuwa kwenye maji kama yale samaki haoni hata pua yake. Nikatafsiri neno kwa neno.

"Ushajitafutia wakili?" baba akasema, akaanza kukunja vifaa.

Jumamosi ya nne nilikuwa nimeshavaa mabuti, nimesimama mlangoni. Baba akanipita. Mama akamwambia, "Baba Asha, mchukue mtoto, ashavaa huyo." Akajibu, "Leo naenda kuvua, siendi kutembeza mikosi," akafunga mlango. Nilikaa na mabuti yangu miguuni mpaka adhuhuri, kwa sababu kuyavua kulikuwa sawa na kukubali. Alasiri akarudi anacheka peke yake. Amepata samoni wa urefu wa mguu wangu! Sheria ya huko inataka samoni arudishwe mtoni akiwa hai, kwa hiyo alileta picha tu, na picha hiyo ilizungushwa sebuleni kwa wageni kama picha ya bwana harusi. "Na maji yalivyokuwa safi," akawaambia, "mpaka changarawe za chini naziona!" Nikakimbia kuleta daftari. Jumamosi tatu maji juu, na leo yeye mwenyewe anasema yameshuka. "Baba, ni maji," nikamwambia. Hakulitazama.

"Nimekupeleka mara tatu, sikupata. Nimekuacha mara moja, nimepata. Unataka ushahidi gani tena?"

Wageni wakacheka. Mama naye akacheka, na hilo sijamsamehe. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kwetu mbaazi ulichanua, na jua likasingiziwa vilevile.

Jina likanikaa. Harusi ya binamu yangu, kwenye ukumbi mmoja wa Digbeth, taa zilizimika, na shangazi zangu wakageuka wote kunitafuta mimi. Ulikuwa utani, bila shaka. Kwetu ukichukia utani, wewe ndiye mwenye tabia mbaya. Mtoni sikupelekwa tena.

Siku hizi urefu wa Severn unausoma kwenye simu ukiwa umelala kitandani. Baba amestaafu, goti linamsumbua, na watu huniambia amekuwa mtu mpole sana. Aprili iliyopita akataka kumpeleka mwanangu, msichana wa miaka minane, naye akarukaruka kwa furaha. Nikaangalia simu: mvua ilikuwa imenyesha Wales siku mbili mfululizo. "Baba, maji yanapanda, ngojeni wiki ijayo," nikamwambia. "Mvuvi ni mimi au simu yako?" akanijibu. Nilijua siku ile itaishaje na itamwangukia nani. Nikasema nakwenda nao. Maji yalikuwa tope tupu. Saa nne nzima hakuna kilichogusa chambo, na muda wote nilisimama karibu na mwanangu, nikingoja macho ya baba yaanze kutafuta. Yalipotafuta, yalinikuta mimi. "Nilijua tu," akasema, "tumemleta kisirani." Nikashusha pumzi.

Mwanangu kila nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alimshika babu yake mkono, akanigeukia, akasema kwa Kiswahili safi ambacho sikujua kama anacho: "Mama kisirani!" Baba alimkumbatia kwa kicheko ambacho mimi sikuwahi kukipata. Sasa wanakwenda wenyewe kila Jumamosi, wawili tu. Hawajapata samaki hata mmoja, na mtoto hajalaumiwa hata mara moja. Wanasema mto niliuharibu mimi, ile siku ya kwanza.