Damu ya Mbuzi Haikuniponya

Nasema nikiwa mzima, na nasema kwa hasira. Anayeweza kunivumilia anisikilize.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa shamba, huko Marangu. Kahawa nachuma, mkungu wa ndizi nabeba kichwani. Asubuhi moja nikaenda chooni, ikatoka damu tupu, nyekundu, bila maumivu yoyote. Niliposimama nikaona giza.

Zahanati wakaniambia, "Hiyo bawasiri, mama. Kula mboga." Hakuna aliyeniangalia. Damu ikakoma yenyewe, nami nikanyamaza kwa aibu.

Mama mkwe akaona nimepauka, akanibana mpaka nikamwambia. Akaagiza mbuzi achinjwe, akanipikia kisusio, ile supu ya nyama na damu. "Kunywa mwanangu, damu irudi." Nikanywa, maana ananipenda. Haikupita wiki ikatoka tena, mabonge mabonge. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akacheka: "Si ile ya mbuzi inatoka?" Nilitamani kumtupia bakuli. Akachinjwa mbuzi wa pili, yeye akala mbavu.

Nikaanguka katikati ya kahawa, nguo zimelowa. Mume wangu akanikimbiza hospitali Moshi mjini. Daktari akasema, "Tuingize kamera sasa, damu ikiwa inatoka. Ikikoma hatutaona kitu. Lakini aongezewe damu kwanza. Ndugu waje wachangie."

Mume wangu akatoa. Shemeji akapigiwa simu. "Niko Holili mpakani, nina mzigo." Siku za mbuzi alikuwa anarudi kutoka Holili mapema.

Nikaongezewa damu ya watu nisiowajua. Kamera ikaonyesha mshipa mmoja wa damu, mnene kupita kawaida, umetoboka kwenye ukuta wa utumbo, karibu kabisa na njia ya haja kubwa. Hapakuwa na bawasiri wala uvimbe. "Ni nadra," daktari akasema. "Pengine umezaliwa nao." Wakaubana kwa kibanio kidogo cha chuma. Sijatokwa na damu tena.

Ninyi mlionyosha mkono bila kunijua, Mungu awabariki. Na wewe unayetokwa na damu chooni, usikubali kuambiwa bawasiri na mtu ambaye hajakuangalia. Aibu itakuua.

Niliporudi nyumbani akachinjwa mbuzi wa shukrani. Shemeji akaniletea kisusio kwa mikono miwili. "Kunywa shemeji, uongeze damu."

Nikamrudishia bakuli. "Kunywa wewe. Ukishiba, shuka Moshi ukatoe."

Alikunywa chote. Moshi hajashuka mpaka leo.