Mpima Vishikio wa Korongo la Luvangwa

Saa mbili asubuhi, jua bado halijaingia ndani ya Korongo la Luvangwa. Philbert Kalinga amepiga magoti ukingoni mwa poromoko la kwanza, anakwaruza shina la mti kwa kisu. Ananusa unga ulioshika kwenye makali. Anageuza shoka, anagonga shina kwa kisogo cha shoka mara tatu, kisha anaweka sikio.

"Mti mzima huu," anasema. "Kamba iliyobaki hapa tangu mwaka jana ndiyo haifai." Anaikata na kuitupa bondeni.

Nyuma yake amesimama Mika, mrina asali, mzigo wa kamba mpya begani.

"Bwana Kalinga, wewe unapima mti kama mtu anayeposa."

"Mke akikuangusha utainuka," Kalinga anajibu bila kugeuka. "Mti ukikuangusha hapa, tutakubeba kwa machela."

Mika anaacha kucheka. Kasian, mdogo wake, alibebwa kwa machela kutoka korongo hili.

Luvangwa iko mwendo wa saa tano kwa miguu kutoka Idodi, wilayani Iringa. Nyuki hujenga katika mapango yaliyo chini ya korongo, na asali yao na nta yao husifiwa hadi mjini. Lakini kuyafikia yote, mrina hushuka maporomoko matatu kwa kamba. Juu ya kila poromoko pana kishikio, yaani mahali kamba inapofungwa. Kishikio kikiwa kibovu, ustadi wa mtu anayening'inia haumsaidii kitu.

Kalinga ana miaka hamsini na mmoja. Alikuwa mrina tangu ujana wake, kama baba yake. Kwa miaka minne sasa harini tena asali. Kazi yake ni kutangulia korongoni kabla ya msimu, kukagua vishikio na kuvijenga upya. Warina kumi na wawili humlipa shilingi tatu kila mmoja, na kibuyu cha asali. Siku nyingine za mwaka hulima mahindi.

"Watu husema, mwaka jana hapa palishika," anaeleza. "Mwaka jana ni mwaka jana. Tangu hapo mvua imenyesha, mchwa wamekula, jiwe limepasuka."

Mrisho, mfanyabiashara wa Iringa mjini anayemuuzia kamba za katani, anamfahamu kwa tabia hiyo. "Huifungua kamba yote barazani kwangu, aikague futi kwa futi, wateja wengine wairuke. Nikimwambia hii mpya, hunijibu, 'Mrisho ndugu yangu, hata kamba mpya huliwa na panya.'"

Katika poromoko la pili, kishikio ni jiwe lenye ukubwa wa ng'ombe aliyelala. Kalinga analisukuma kwa mtaimbo. Halisogei. Anachimbua udongo chini yake, anasukuma tena, na safari hii linatikisika, kidogo sana.

"Umeona? Lilikuwa limekalia udongo, na udongo umeoshwa."

Inawachukua hadi adhuhuri kuhamishia kamba kwenye jabali lililoota ardhini. Penye ncha kali anatandika magunia yaliyokunjwa ili kamba isikatwe. Kisha wanatundika magunia ya mawe yenye uzito wa watu wawili, wanasubiri, na Kalinga anashuka wa kwanza. Hiyo ndiyo kanuni yake: hakuna mwingine anayeshuka kabla yake.

Poromoko la tatu ndilo refu kuliko yote, na limefungwa tangu Julai 1953. Chini yake ndiko kwenye nyuki wengi. Mwaka huu, asali ya mapango ya juu ikiwa imepungua, warina walimwomba Kalinga alifungue. Kwa siku tatu zinazofuata yeye na Mika wanachimba handaki refu kama kaburi, wanazika gogo la mpingo na kulishindilia mawe. Kamba inatoka katikati ya gogo hilo. Magunia ya mawe yanatundikwa siku mbili, na gogo halisogei hata unene wa ukucha.

Hatua chache kutoka hapo kuna shimo ambalo nyasi zimelifunika nusu. Ndipo uliposimama myombo, mti wa kishikio cha zamani, uliong'oka na Kasian.

Kijijini ilisemwa kuwa Kasian alikuwa mtu wa haraka, hakuangalia. Mjane wake, Lusia, alichukua watoto wawili akahamia kwa dada yake huko Makongolosi, upande wa Chunya, anakowapikia chakula wachimba dhahabu.

Mika anafunga kamba kiunoni. "Leo wa kwanza ni mimi," anasema. "Ni damu yangu iliyomwagika huko chini. Niache."

"Ngoja," Kalinga anasema. "Kuna neno, kabla hujashika kamba."

Anavua kofia yake.

Warina wa Luvangwa wana mwiko mmoja: mti wa kamba hauchunwi gome. Gome la myombo hutengenezwa mizinga, na mti uliochunwa hufa polepole huku umesimama. Karibu na masika ya mwaka 1952, Kalinga alihitaji mzinga mmoja wa kukamilisha mizinga yake. Mvua ilikuwa inakaribia, na mti uliokuwa karibu ulikuwa ule.

"Nikauchuna," anasema. "Nikaacha ukanda wa gome, upana wa vidole vinne, nikasema utapona. Mwaka uliofuata tukaja na Kasian. Mchwa walikuwa wameupaka udongo pale nilipochuna, lakini yeye aliona."

Mika anamtazama. "Aliona?"

"Aliona. Akaniuliza, 'Kaka Kalinga, huu nani kauchuna?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ni kovu la zamani, limekwishapona. Niliona haya, Mika. Haya ya mwiko tu. Nikafikiri utashika siku moja, kisha tutafunga kwingine. Akaniamini."

Maji yanasikika yakianguka chini. Mika anafungua fundo kiunoni taratibu, anaikunja kamba vizuri kama inavyotakiwa, anaiweka juu ya jiwe.

"Matanga yote ulikaa na sisi," anasema. "Ulikula na sisi."

"Nilikula."

"Lusia anajua?"

"Hajui."

"Basi mimi sishuki hapa mpaka ajue. Na mwingine yeyote asishuke." Mika anachukua panga lake na kuondoka peke yake kwa njia ya Idodi.

Kalinga alibaki ameketi kando ya handaki. Mwandishi wa habari hizi alipomuuliza kama anataka maneno yake yachapishwe, alisema, "Yachapishwe. Lakini usilitangulize gazeti kwa Lusia. Nipe wiki tatu nifike mimi."

Alipewa. Alisafiri kwa basi hadi Mbeya, na kutoka Mbeya akapanda lori la tumbaku hadi Chunya, kisha Makongolosi. Barua yake, iliyoandikwa kwa penseli, imefika juma hili.

"Nimemkuta Lusia jikoni," anaandika. "Akasema, 'Karibu shemeji,' akanipa maji ya kunawa. Nilikataa kunawa nikasema kwanza. Hakulia. Alikoroga sufuria mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, 'Miaka minne nimemkasirikia marehemu. Nimewaambia wanawe baba yao hakuangalia, wasiwe kama yeye. Kumbe aliuliza.'

"Nikamwambia, aliuliza. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Sikumwomba msamaha, maana niliona ni kumwongezea mzigo. Nilipoinuka nirudi kwenye lori alinizuia mlangoni. Alisema, 'Hapana, shemeji. Mimi nilichowaambia watoto kilitokana na kunyamaza kwako. Utawaambia wewe mwenyewe.'

"Nimelala kwa jirani. Watoto wanatoka shule saa nane. Mkubwa ana miaka kumi na mmoja, amefanana na Kasian mpaka kutembea. Mika akitaka kushuka au asipotaka, hilo ni lake, na gogo litamsubiri. Mimi kwa leo naomba jambo moja tu, nikiwaona hao watoto sauti isinipotee kabla sijasema kwamba baba yao aliangalia."